Miaka Iliyobaki: Thamani ya Haki za Muda katika Ardhi na Majengo ya Arua na Koboko

Haki ya kutumia mali kwa muda maalumu huwa na bei mbili. Bei ya kwanza ni ile inayolipwa siku haki inapotolewa. Ya pili ni ile ambayo mtu mwingine yuko tayari kumlipa mwenye haki hiyo baada ya sehemu ya muda kupita. Kwa kawaida bei ya pili hukokotolewa kwa kuhesabu miaka iliyobaki: mkataba wenye miaka 40 mbele yake hudhaniwa kuwa na thamani kubwa kuliko wenye miaka 5. Makala haya yanadai kwamba katika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hesabu hiyo haikuwahi kutosha. Tangu kabla ya mji wa Arua kuanzishwa, kilichoamua bei ya pili ni swali la nani atakayemtambua mnunuzi wa pili, na kwa lugha gani ya kisheria. Miaka iliyoandikwa katika karatasi ilikuja nyuma ya swali hilo, na mara nyingine haikuhesabiwa kabisa.

Jambo hili si la West Nile peke yake. Katika biashara ya nyumba za mapumziko za Ulaya na Marekani, ambamo mnunuzi hulipia haki ya kukaa wiki moja au mbili kila mwaka kwa zamu, inafahamika kwamba mkataba huuzwa upya kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya awali. Bei ya kwanza ilibeba gharama za matangazo na za mawakala, ambazo mnunuzi wa pili hana sababu ya kuzilipa. Anachorithi kwa hakika ni ada ya matunzo ya kila mwaka. Uhispania iliweka kikomo cha miaka 50 kwa mikataba ya namna hii katika sheria ya mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikawa inabatilisha mikataba isiyokuwa na kikomo. Kwa hiyo huko nako karatasi iliyoahidi umilele ilianguka mbele ya ile iliyoahidi miaka michache. Tofauti ni kwamba Arua ilipitia mambo haya kwa maduka, viwanja na mashamba ya watu, wala si kwa likizo.

Eneo lililokuwa lenyewe mkataba wa muda

Ni nadra eneo zima la utawala kuanza historia yake ya kimaandishi kama mali iliyokodishwa. Kwa mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili, aliyekuwa mwenye Dola Huru ya Kongo, eneo la magharibi ya Nile. Mkataba huo uligawanya eneo katika mafungu mawili yenye muda tofauti. Sehemu iliyo magharibi ya longitudo 30 mashariki ingeendelea kushikwa na mfalme na warithi wake. Sehemu ya mashariki ya mstari huo, iliyokuja kuitwa Lado, ingekuwa yake kwa muda wa uhai wake tu. Mahali ilipo Arua leo, na Koboko vilevile, pako mashariki ya longitudo 30. Makubaliano ya Mei 1906 yalifuta fungu la kwanza na kumwachia mfalme Lado peke yake.

Hapa tofauti ya haki inayouzika na isiyouzika inaonekana wazi kabisa. Mnamo Novemba 1908 Leopold aliikabidhi Kongo kwa Ubelgiji. Kongo ilihamishika, pamoja na madeni yake, mikataba yake na makampuni yake. Lado haikuhamishika kwa namna hiyo, kwa kuwa haki yake ilifungwa katika mwili wa mtu mmoja, na Ubelgiji haikuwa na cha kurithi. Mfalme alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na katikati ya mwaka 1910 eneo likarejeshwa kwa serikali ya Sudan ya Uingereza na Misri. Katika kipindi hicho cha mpito, ambapo mkodishwaji amekwisha kufa na mwenye mali hajafika, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika Lado kutoka kila upande. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, naye aliwinda vifaru weupe huko mwanzoni mwa 1910. Wakaazi wenyewe, Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, hawakutajwa upande wowote wa mkataba, si kama wakodishaji wala kama wakodishwaji.

Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado ilihamishiwa Uganda, na boma la Arua likaanzishwa chini ya A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza.

Kiwanja cha mjini

Uganda ya kikoloni haikuipa West Nile mfumo wa mailo uliotokana na Mapatano ya Buganda ya 1900. Kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1903, ardhi ya maeneo kama haya ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, na waliokalia waliikalia kwa mila. Ndani ya mipaka ya miji iliyotangazwa rasmi, serikali ilitoa viwanja kwa mikataba ya muda, na katika miji ya Uganda mikataba ya miaka 49 au 99 ilikuwa ya kawaida. Wafanyabiashara wa Kiasia walijenga maduka yao juu ya haki hizo, wakiishi nyuma au ghorofani.

Thamani ya pili ya viwanja hivyo ilikuwa imara, na sababu yake ilikuwa ya kiutawala. Sheria ya biashara ya 1938 iliwazuia wafanyabiashara wasio Waafrika kufanya kazi nje ya vituo vilivyotangazwa. Mtu aliyetaka kuuza nguo au chumvi Arua hakuwa na uhuru wa kujenga popote; alihitaji kiwanja ndani ya mstari, na mstari ulichorwa na serikali. Basi mnunuzi wa pili alilipia nafasi ndani ya mstari huo, wala hakuwa analipia udongo. Miaka ilipungua kila Januari, lakini uhaba haukupungua. Thamani iliyotengenezwa kwa kalamu ya serikali ilikuwa pia katika hatari ya kufutwa kwa kalamu hiyohiyo, ingawa katika miaka ya 1950 wachache wangekuwa na sababu ya kulifikiria hilo.

Mafuta mingi

Agosti 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90. Amri ya mwaka 1973 iliweka mali zao chini ya Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka, na maduka ya miji yote, Arua ikiwemo, yakagawiwa watu wapya. Kiswahili cha Uganda kiliwapa matajiri hao jina ambalo limebaki katika kumbukumbu ya nchi: mafuta mingi. Mwanasarufi wa Kiswahili sanifu angetaka mafuta mengi; lakini jina lilizaliwa katika Kiswahili cha kambi na soko, na kosa lake la upatanisho ni sehemu ya maana yake. Lilimtaja mtu aliyenona upesi kwa kitu ambacho watu walijua si chake. Neno magendo lilisafiri naye. Inafaa kuona kwamba maneno yote mawili yanatathmini chanzo cha mali, hayataji kiasi chake. Wanunuzi wa kawaida walikuwa na istilahi ya kupimia udhaifu wa haki kabla mahakama hazijaipata.

Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ila amri zake kuhusu mali ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Ile ya Juni 1975 ndiyo iliyobadilisha mambo zaidi kuliko zote. Iliitangaza ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma. Umiliki huru na mailo viligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kwa watu binafsi na 199 kwa taasisi za umma, zikiwemo za dini. Kwa maneno mengine, kila mwenye ardhi nchini akawa mtu mwenye saa ukutani. Mkulima wa kimila alibaki shambani kwa hisani ya serikali. Angeweza kuuza, baada ya kutoa taarifa ya miezi mitatu, lakini alichouza kisheria kilikuwa maendeleo tu: nyumba, miti, mazao ya kudumu. Udongo haukuingia katika bei.

Kwa aliyetaka mkataba rasmi, desturi ya Tume ya Ardhi ya Uganda ilikuwa kutoa kwanza miaka 5, kisha kurefusha hadi 49 iwapo mwombaji amejenga kama alivyoahidi. Mpango huu ulizaa soko la ajabu. Mkataba wenye miaka 3 iliyobaki juu ya kiwanja chenye msingi na kuta ungeweza kuwa na bei kubwa kuliko wenye miaka 5 kamili juu ya majani, kwani wa kwanza ulikuwa karibu kugeuka miaka 49. Katika mazingira hayo matofali yalikuwa na kazi mbili: kuhifadhi watu, na kuthibitisha mbele ya afisa ardhi kwamba saa irudishwe nyuma.

Saa iliyosimamishwa

Majeshi ya Tanzania na washirika wao wa Uganda yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na kufika West Nile kabla ya katikati ya mwaka. Baada ya mashambulizi ya Oktoba 1980 na kisasi cha jeshi la serikali mpya, watu wengi mno wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na Arua ikaachwa karibu tupu. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji, waliuawa na wanajeshi. Wengi wa waliokimbia hawakurudi hadi nusu ya pili ya muongo huo. Wakati mkataba wa kiwanja unaendelea kuhesabu miaka, mwenye kiwanja alikuwa kambini ng'ambo ya mpaka, hana njia ya kulipa kodi ya ardhi wala kutimiza sharti la kujenga.

Ni katika miaka hiyohiyo ndipo Bunge la Uganda lilipopitisha Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Sheria hii inastahili kusomwa polepole na yeyote anayefanya utafiti kuhusu haki za muda. Ilifanya mambo mawili yanayopingana kwa sura. Kwanza, ilibatilisha ununuzi, uhamisho na makubaliano yote yaliyofanywa juu ya mali za Waasia baada ya kufukuzwa kwao. Pili, ilisema kwamba pale ambapo mali ilishikwa kwa mkataba wa upangaji wakati wa kuchukuliwa, na mkataba huo ukawa umekwisha au kusitishwa, utahesabiwa kuwa uliendelea na unaendelea kuwa hai mpaka mali ishughulikiwe chini ya sheria hiyo.

Mfano wa kubuni utaonyesha maana yake. Chukua mkataba wa miaka 49 ulioanza 1930. Kwa hesabu ya kalenda ulikwisha 1979. Mwenye kuushika yuko Leicester au Toronto tangu 1972, na karatasi yake, kwa macho ya kawaida, ni kumbukumbu ya familia tu. Chukua pia mfanyabiashara wa Arua aliyenunua jengo hilohilo katika miaka ya Amin kwa mkataba mpya, kwa fedha taslimu, na risiti ya serikali mkononi. Kufikia 1983 karatasi iliyokufa ikawa na uhai na ile yenye miaka mingi ikawa bure. Serikali ilipoharakisha urejeshaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, cheti cha kurejeshewa mali kikawa chenyewe kitu cha kuuzika, na warithi wengi wasiotaka kurudi waliona njia fupi ni kumpata mnunuzi aliyeko nchini.

Sheria hiyo mara nyingi huelezwa kama suala la haki kwa Waasia, na ni kweli ilikuwa hivyo. Kwa West Nile lakini ilikuwa na upande wa pili ambao haujapewa uzito wa kutosha katika mijadala. Saa ilisimamishwa kwa kundi moja la waliokimbia kwa lazima. Sheria hiyo haikuwagusa wale waliokimbia Arua na Koboko mwaka 1980; kwao miaka iliendelea kupungua wakiwa Zaire na Sudan.

Karatasi za kijijini

Katiba ya 1995 iliondoa msingi wa amri ya 1975 kwa kutamka kwamba ardhi ya Uganda ni ya raia, na ikatambua aina nne za umiliki: wa kimila, huru, mailo na upangaji. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka hati za umiliki wa kimila, bodi za ardhi za wilaya, na kikomo cha miaka 99 kwa mgeni asiye raia, ambaye hawezi kupata zaidi ya upangaji. Pia ilidai ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuuza ardhi inayoitegemeza familia, sharti ambalo limezipunguzia nguvu karatasi nyingi zilizotiwa saini na mume peke yake.

Koboko, iliyotengwa na Arua kuwa wilaya mwaka 2005, inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mnunuzi anayevuka kutoka Yei au Aru anaweza kuzungumza lugha moja na muuzaji, hata kuwa wa ukoo mmoja, Wakakwa wakiwa pande zote tatu. Hata hivyo, kile kinachomfikia raia kama ardhi ya kudumu kinamfikia yeye kama miaka isiyozidi 99. Kiwanja kilekile kina thamani ya pili mbili tofauti, kutegemea pasipoti. Karatasi ya makubaliano yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1 na saini za majirani haisemi lolote juu ya hilo. Imeandikwa kana kwamba pande zote ni raia.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi Lobule, makazi ya wakimbizi wa Kongo katika wilaya hiyohiyo. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinampa mkimbizi matumizi ya kipande alichogawiwa, na kumkataza kukiuza, kukipangisha au kukihamisha kwa namna yoyote. Hii ni haki ya muda ambayo sheria imeiwekea bei ya pili ya sifuri. Ukoo uliotoa ardhi, kwa upande wake, haukuuza, ulikubali ikaliwe. Kinachokosekana baina yao ni neno moja ambalo wote wawili wangelielewa vilevile.

Aroi ipo katika hali tofauti. Arua ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, mipaka mipya ilimeza kaunti ya Ayivu, na Aroi ndani yake. Mashamba ya kimila yakawa ya mjini bila mtu kuhama. Bei ilipanda, aina ya haki haikubadilika. Mnunuzi wa pili wa Aroi analipa bei ya jiji kwa kitu ambacho uthibitisho wake bado ni kumbukumbu ya wazee wa ukoo.

Istilahi

Kiswahili cha pwani kina msamiati mzuri wa mauzo yasiyo ya moja kwa moja. Zanzibar na Mombasa zilitofautisha bei kataa, yaani mauzo ya kukata kabisa, na bei khiyari, ambayo humwachia muuzaji nafasi ya kukomboa mali yake kabla ya muda fulani. Msamiati huo ulikuzwa na makadhi, na ulikuwa na matatizo yake, kama madeni ya mashamba ya mikarafuu yalivyodhihirisha hadi serikali ya Zanzibar ikaingilia kwa sheria ya uhamishaji wa ardhi ya 1934. Kiswahili kilichofika Arua kilipitia kambi za askari na njia za biashara za Kongo. Kilileta amri, hesabu na matusi. Mahakama ya kadhi hakuja nayo. Matokeo yake, kupangisha, kukodisha na kuuza kwa muda hutumika kwa kubadilishana, na neno kodi hubeba mzigo wa ushuru wa serikali na malipo ya mpangaji kwa pamoja. Mjini Uganda wengi husema lisi tu, neno la Kiingereza lililovaa irabu, ambalo kwa msikilizaji wa kijijini halidokezi kwamba kuna mwisho.

Kwa kuwa katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likakiwekea msukumo mpya mwaka 2022, kuna siku fomu za bodi za ardhi zitatafsiriwa. Kuna kishawishi cha kuzichukua istilahi za Tanzania zilivyo. Baadhi zitafaa: kodi ya pango la ardhi hutenganisha vizuri malipo ya mpangaji na ushuru mwingine. Nyingine zitapotosha. Hakimiliki ya kimila ya Tanzania imo ndani ya mfumo ambao ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ya Uganda imo ndani ya katiba inayosema ardhi ni ya raia wenyewe. Neno moja, mambo mawili. Mtafsiri atakayelinakili bila maelezo atamrudisha mkulima wa Aroi, kwa maana ya maneno tu, kwenye amri ya 1975. Kinachohitajika katika fomu yoyote ya Kiswahili ya West Nile ni sentensi tatu za kawaida juu ya saini: haki hii inakwisha lini, nani anaweza kuinunua kutoka kwako, na nani lazima akubali kabla hujaiuza.

Haja hiyo ina tarehe. Mkataba wa miaka 49 uliotolewa mwaka 1975 ulifikia kikomo mwaka 2024, na mingine ya miaka iliyofuata inaendelea kufika. Mshikaji aliye raia anaruhusiwa na katiba kuomba mkataba uliotolewa juu ya iliyokuwa ardhi ya umma ugeuzwe kuwa umiliki huru. Asiye raia hawezi. Wengi wanaoishika leo si waliopewa mwanzo, ni wanunuzi wa pili na wa tatu, na baadhi yao wana karatasi ya mauzo inayotaja bei, mipaka na mashahidi, bila kutaja mwaka wa mwisho.